Vitabu Tulivyowatunzia Wageni

Siku ile ofisini kwa mwalimu mkuu tulikuwepo watu sita, na nitawataja wote kwa sababu tuliobaki ni wachache. Alikuwepo mwalimu mkuu mwenyewe, Mwalimu Magesa, mtu mpole aliyeogopa barua yoyote yenye muhuri. Alikuwepo Mzee Bulugu, mwenyekiti wa kamati ya shule, fundi baiskeli mwenye maneno mengi kuliko spana zake. Alikuwepo Mama Achieng, muuza dagaa, mjumbe wa kamati. Alikuwepo Mwalimu Koku, mwenyeji wa Bukoba, aliyefundisha darasa la nne. Mlangoni alisimama mdogo wangu Limi, miaka kumi na miwili, bila viatu. Wa sita ni mimi, Nkwimba, mwakilishi wa wazazi, ingawa sikuwa mzazi wa mtu yeyote.

Mwanangu, wewe ambaye huenda kesho utachaguliwa kwenye kamati kama ile, kaa nikueleze. Ilikuwa miaka ya tisini, hapa Mwanza. Baba alifia ziwani. Mama alimfuata baada ya miaka miwili, kwa ugonjwa ambao siku zile tuliutaja kwa kunong'ona. Tulibaki watatu. Masanja, wa katikati, alichukuliwa na baba mdogo kwenda Shinyanga kuchunga ng'ombe, na hakurudi ila siku moja akiwa mwanamume mwenye ndevu. Mimi niliacha shule darasa la sita, nikabaki na Limi kwenye chumba kimoja Buzuruga, juu kwenye mawe.

Tulikula kwa mapanki. Viwanda vya samaki vilikuwa vimefunguliwa, minofu ya sangara ikapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukauziwa vichwa na mifupa, ndiyo mapanki yenyewe. Nilivikaanga alfajiri, nikaviuza karibu na stendi. Limi alinisaidia kugeuza kwenye karai, kisha akakimbilia shule. Shule nayo siku zile ilikuwa ya michango: mchango wa dawati, wa mlinzi, wa chaki. Nililipa kwa wakati na sikukosa mkutano hata mmoja. Ndiyo maana wazazi wenye watoto wao walininyooshea vidole, wakasema, "Huyu binti tumpe, hapotezi kitu." Nilijivunia maneno hayo. Ndugu walipokuja kugawana vitu vya baba, nilikuwa nimekalia sufuria la mama, nikakataa kusimama mpaka wakaondoka. Tangu hapo nilichokabidhiwa sikukiachia.

Sasa, Limi alikuwa hajui kusoma. Mwaka ambao wenzake walifundishwa herufi, yeye alikuwa nyumbani akimpa mama maji. Alifika darasa la nne kwa kunakili tu, anachora maneno kama mtu anayechora nyumba asiyowahi kuingia. Na hakuwa peke yake. Mwalimu Koku aliwahesabu darasani kwake, akashtuka, akaandika barua kwa wafadhili fulani waliokuwa wakitoa msaada mdogo kwa shule za serikali. Hakuomba jengo wala gari. Aliomba vitabu vya hadithi vya Kiswahili, na chai ya walimu wawili watakaokuja saa moja asubuhi, kabla ya watoto kupanga mstari, kuwasomesha wale waliobaki nyuma. Wakampa nusu. Nusu ya pili, walisema, baada ya kuja kuona.

Mwanangu, nimeona mambo mengi mazuri, lakini sijaona kama miezi ile mitatu. Watoto walikaa wawili wawili na kitabu kimoja, na Ijumaa wakaruhusiwa kwenda nacho nyumbani. Limi alishikamana na kitabu kimoja chembamba cha habari za bata. Ninageuza samaki, yeye kakaa kwenye ndoo ananisomea.

"Dada, hapa pameandikwa bata amekataa kuogelea."

"Umesoma au umebahatisha?"

"Nimesoma! Tazama, neno bata hili hapa. Amekataa hili hapa. Refu hivi nitalibahatishaje?"

Nilicheka peke yangu siku nzima. Niliwaambia hadi wateja.

Ndipo ikaja barua kwamba wageni wangefika mwezi unaofuata. Mwalimu Magesa akavikusanya vitabu vyote avikague, na kwenye kile cha bata akakuta alama za vidole vyenye mafuta, ukurasa baada ya ukurasa, na kinanuka samaki. Tukaitwa ofisini, na Limi akaitwa.

Mzee Bulugu alikishika kitabu kwa ncha za vidole viwili. "Mwalimu, hiki ni kitabu au kitoweo? Tukitia nyanya na chumvi, sote hapa tunapata mlo."

Mama Achieng alicheka, kisha akaniona, akafunika mdomo kwa khanga.

"Nani alikuwa nacho?" akauliza mwalimu mkuu.

"Mimi," alisema Limi. Hakujificha nyuma ya mtu.

"Kimechafuka kwa sababu kimesomwa," alisema Mwalimu Koku. "Mtoto huyu Januari alikuwa hajui a wala be. Vile safi ndivyo vya kuonea aibu, mzee wangu, kwa maana havijaguswa."

"Mwalimu, wewe umesoma lakini wafadhili huwajui. Nikikupa shati, nikija nalikuta limejaa grisi, nitakuongezea lingine?"

"Kwani shati ulinipa nilitundike?"

Walibishana hivyo. Mzee Bulugu alitaka vitabu vyote vifungiwe kabatini mpaka wageni waje na waondoke, na mwalimu mkuu alikuwa upande wake. Mwalimu Koku na Mama Achieng walitaka watoto waendelee. Wawili kwa wawili. Wakanigeukia mimi.

Harufu ya mapanki nilikuwa nayo kila siku, kwenye khanga, kwenye nywele, wala sikuijali. Siku ile niliisikia mwenyewe. Nilimtazama Limi na vidole vyake, nikaona aibu yetu yote imewekwa mezani mbele ya watu. Sikufikiri juu ya bata wala juu ya herufi. Nilifikiri namna ya kuwaonyesha kwamba kwetu tunajua kutunza.

"Vifungiwe," nikasema. "Na ufunguo nipeni mimi. Mtaona kama kitaguswa hata kimoja."

Wakanipa. Vile safi nilivipanga juu, mgongo kwa mgongo. Vile vilivyotumika, cha bata kikiwa mojawapo, nilivisukuma chini kabisa na kuvifunika kwa gunia.

Wageni hawakuja mwezi ule. Waliahirisha, wakaahirisha tena. Siku za mwanzo Limi aliniomba kila jioni. "Dada, nifungulie dakika moja tu, nimenawa kwa sabuni." Alininyooshea mikono yote miwili niinuse. Nilikataa. Nilimwambia akinawa leo kesho atasahau. Baada ya wiki kadhaa hakuomba tena, nami nikadhani ameelewa.

Mwalimu Koku alinifuata pale ninapokaangia. Nilimwamkia, akaitikia, akavuta kigoda.

"Leo sikuja kununua samaki, Nkwimba. Nimekuja kukuomba ufunguo."

"Mwalimu, kamati iliamua."

"Kamati ilikuwa wawili kwa wawili. Aliyeamua ni wewe." Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama yako angekuwepo, kabati lile angelifungua kwa ajili ya nani? Wageni au Limi?"

Nilikuwa na miaka ishirini, na kinywa changu kilikuwa kikali kuliko akili. Nikamjibu, "Mama yangu hayupo, mwalimu. Angekuwepo, nisingekuwa hapa nakaanga vichwa."

Hakunikemea. Akanunua vichwa viwili, yeye aliyesema hakuja kununua, akalipa, akaenda. Haukupita mwezi akapewa uhamisho, na sikumwona tena. Neno lile nilimjibu mtu aliyekuwa akinigombania mdogo wangu, na sikupata siku ya kulirudisha.

Wageni walifika baada ya miezi mitano. Mama mmoja Mtanzania mwenye sauti ya upole, na mzee mmoja wa Kizungu aliyesemekana alikuwa mwalimu kwao. Nilifungua kabati mbele yao kwa madaha. Vitabu viling'aa. Yule mzee akachukua kimoja, akakifungua, kikalia kama kitu kipya kinavyolia. Akachukua kingine, nacho kikalia. Akamwambia yule mama maneno machache.

"Vizuri," alisema yule mama. "Na vile vilivyosomwa viko wapi?"

Mwalimu Magesa akamtazama Mzee Bulugu. Mzee Bulugu akatabasamu. "Ndivyo hivi hivi, dada. Watoto wetu wana adabu, wananawa kwanza."

"Basi naomba mtoto mmoja atusomee. Yeyote."

Mwalimu mkuu alimwita Limi, kwa kuwa alikumbuka Mwalimu Koku akimsifu. Akapewa kitabu kutoka safu ya juu, kitabu asichowahi kukishika. Alisoma neno la kwanza. Akasoma la pili. Kwenye la tatu akasimama. Miezi mitano, mwanangu, kwa mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kushika.

Akainua macho. Hakumtazama mwalimu, alinitazama mimi. Kisha akatazama chini ya kabati, penye gunia. Alijua kilipo. Kile cha bata angeweza kukisoma, nina hakika hata leo, mwanzo hadi mwisho.

Mama Achieng alinigusa kiwiko. "Nkwimba," alininong'oneza, "mpe kile chake."

Gunia lile halikuwa na uzito. Kabati lilikuwa wazi tayari. Nilichotakiwa ni kuinama tu. Lakini niliona tena kitabu kile kikining'inia kwenye vidole vya Mzee Bulugu, nikasikia tena kile kicheko, nikatazama sakafu.

Yule mama alimpokea Limi kitabu taratibu, kwa huruma, akasema, "Haidhuru, mwanangu." Huruma ile ndiyo iliyomuumiza zaidi.

Barua ilikuja fupi na yenye heshima. Walishukuru kwa mapokezi. Walisema nusu iliyobaki wataipeleka shule nyingine ambako vitabu vimeanza kutumika. Hakuna aliyekula pesa pale, mwanangu, hakuna aliyeiba hata kalamu. Tulikuwa watu waaminifu, na kwa uaminifu huo huo tuliwanyima watoto. Kipindi cha saa moja asubuhi kikafa, na hakuna aliyetangaza kwamba kimekufa.

Wiki ile Limi aliniambia, "Dada, kesho siendi."

Nilipaswa kumlazimisha. Nilikuwa nimemlazimisha kwa mambo madogo zaidi. Lakini nilikosa pa kuanzia, kwa sababu nilijua angeniuliza swali moja tu. Akakaa nyumbani. Akafikisha miaka kumi na minne, shangazi akamwita ng'ambo, Sengerema, amsaidie kazi. Nilimsindikiza mpaka kivukoni. Akashukia Kamanga, upande wa pili, akaanza maisha yake huko, akaolewa, akazaa. Si maisha mabaya, sisemi hivyo. Lakini siku aliyouziwa kiwanja aliweka dole gumba, na mtu aliyemsomea karatasi alimsomea alichopenda mwenyewe. Nusu ya kiwanja kile sasa ina nyumba ya mtu mwingine.

Basi nakuambia wazi, mwanangu, nisikuache ukibahatisha. Siku shule yenu itakapopata msaada mdogo, vitabu, au chaki za rangi, au saa moja ya mwalimu, vitoe siku hiyo hiyo. Waache watoto wavichakaze. Vikiraruka, washonee. Vikiisha, andikeni barua mseme vimeisha na nani amejua kusoma kwavyo. Mgeni akija, mpe kwanza kile kilichochakaa kuliko vyote, hata kama kinanuka jiko la kwenu. Usione aibu ya kazi inayokulisha mbele ya mtoto anayeitazama sura yako ajue kama naye aione aibu. Wakikusifu kwamba hupotezi kitu, jiulize ni nani anayekaa bila kitu hicho wakati wewe unakilinda. Na ukimkosea mdogo wako, mwambie siku hiyo hiyo, kabla hajapanda kivuko.

Mungu akupe mikono isiyo na woga. Akupe watoto wanaokusomea mpaka uchoke, na wazee watakaokugombeza ungali kijana. Na ukimjibu mzee vibaya, akujalie umwone tena.

Mimi huvuka kwenda kwa Limi karibu kila mwezi. Ananichinjia kuku, tunaongea habari za mvua, za watoto, za Masanja. Wajukuu wake wanakaa mkekani na madaftari, naye hupita katikati yao taratibu asiyakanyage. Kila ninapokwenda ninakusudia kumwambia kwamba siku ile nilijua kile cha bata angekisoma, na kwamba nilimwona akinitazama. Nikifika, napokea kikombe cha chai, namuuliza hali. Jumamosi iliyopita nilivuka tena. Sijamwambia.