Mume Wangu Hakuuza Maneno

Si kweli kwamba marehemu mume wangu, Tan Khe-bun, aliwauzia polisi maneno ya watu. Hapa Puli, mji wa kisiwa chetu, wanasema hivyo, hasa nikishawapita.

Kwetu ajuaye lugha nyingi huitwa tongsu, yaani mpitisha mambo. Babu yake alikuwa tongsu. Alikunywa na Waatayali, watu wa mlimani, kikombe kimoja, shavu kwa shavu, ndipo biashara ya kafuri ikaanza. Mume wangu alirithi jina hilo na lugha tano, kuanzia ya mlimani hadi Kimandarini cha wakubwa waliotoka bara. Walipofika hao, jina likaanza kunuka. Anayeelewana na kila mtu, ni wa nani?

Hata mimi nilijiuliza. Mwaka 1952 aliitwa ofisi ya polisi wa siri kufasiri mahojiano ya Mhaka mmoja, mtu wa kabila jingine, mchemsha kafuri aliyeshukiwa. Mimi, kwa kuwa mwalimu, niliketishwa niandike. Kihaka sikijui. Yule mtu alisema mpaka chai ikapoa. Mume wangu akafasiri: "Alikwenda kuuza tangawizi."

Ofisa akamkodolea macho. "Hayo tu?"

"Ana kigugumizi, mkubwa."

Nikaandika tangawizi. Mtu akaachiwa jioni.

Nyumbani nilimbana. "Baba Siok-hun, umeacha nini?"

"Kigugumizi," akasema, akaendelea na uji wake.

Miaka tisa nilimchunguza hata alipoota. Maneno ya yule mtu aliniambia akiwa mahututi, akaniapisha nisiyaseme.

Siok-hun, binti yetu, alipoposwa, mshenga alikuja na maswali badala ya keki za posa.

"Mama Mwalimu, wakwe wanaogopa. Kinywa cha tongsu kina milango mingi, ati."

"Chako kina mmoja, Shangazi Ong, na haufungiki."

Akacheka, akasogeza kiti. "Basi niambie tu yule Mhaka alisema nini. Mumeo atatakata, na harusi mwezi ujao."

Yule Mhaka alikuwa hai, ana watoto. Nikautazama mkoba wa Shangazi, nikawaza nani amemtuma.

"Mwavuli wako uko mlangoni," nikamwambia.

Posa ikarudishwa. Siok-hun hakusema nami hadi mavuno.

Siku hizi ofisi ile imefungwa, lakini masikio yake sijui yalihamia wapi. Vijana huja na daftari, wananiita bibi, wanataka maneno ya yule mtu. Nayajua yote. Siyasemi.