Siku Ulimi wa Mzee Gathogo Uligeuka Kijani

Wacha niitoe hii stori mwenyewe kabla mtu hajaiongezea chumvi, maana wale walioiona kwa macho bado wako hai na hawana adabu. Mimi ndiye yule mtu aliyepeleka pesa bandia kwenye ruracio yake mwenyewe. Ndiyo, mahari. Mbele ya wazee kumi na wanne, na mmoja wao akazilamba (hapo kwa kulamba tutafika).

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa karani wa maziwa huko Mukurweini. Kazi yangu ilikuwa rahisi, wakulima wanapanga laini asubuhi na mitungi yao, mimi nachota kidogo, nanusa, natumbukiza kile kipimo cha glasi kinachoelea, na kama maziwa yameongezwa maji kipimo kinazama, na mimi namwambia mwenyewe kwa sauti, mbele ya laini yote, "Rudi nayo." Sikuwa na huruma hata kidogo. Nilirudisha maziwa ya shemasi wa kanisa letu. Nilirudisha ya mwalimu wangu wa darasa la tatu, mama wa watu aliyenifundisha kusoma. Na asubuhi moja nikarudisha ya mzee mmoja mrefu anayeitwa Gathogo, ambaye hakubishana, aliniangalia tu, akafunika mtungi wake pole pole, akaenda zake. Sikujua kwamba huyo mzee ni ndugu mkubwa wa baba ya Wangari, na Wangari ndiye msichana niliyekuwa nataka kuoa. Ningejua, siku hiyo pua yangu ingekuwa na mafua.

Sasa, nyumbani kwa kina Wangari walikuwa wamesema tulete shilingi elfu kumi za kuanzia, Jumamosi, bila kukosa, kwa sababu kulikuwa na mwanamume mwingine, mwenye duka la dawa za ng'ombe, ambaye naye alikuwa anauliza-uliza. Mimi nilikuwa na elfu nne, noti za mia mia, kuukuu, zinanuka maziwa. Kitu cha maana kilichobaki kwa nyumba yangu kilikuwa televisheni. Ilikuwa ndogo, ya picha nyeusi na nyeupe, inatumia betri ya gari, lakini Jumapili watu walikuwa wanajaa kwangu kuangalia mpira mpaka wengine wanasimama dirishani, na ndugu yangu alikuwa ameniomba nimuuzie kwa deni nikamwambia afadhali niuze figo.

Nikaamua kuiuza. Nikaandika tangazo kwa kipande cha katoni, nikaenda nikalibandika Nyeri mjini, kwenye ukuta wa posta ambapo watu walikuwa wanabandika mambo yao yote, mashamba, mbwa waliopotea, waganga. Niliandika hivi, na bado nayakumbuka neno kwa neno: TELEVISHENI INAUZWA. ELFU SITA. PESA MKONONI. CHEKI HAPANA, DENI HAPANA, MANENO MENGI HAPANA. (Binamu yangu alikuwa amepewa cheki ikakataliwa na benki, akawa kichekesho kijiji kizima, na mimi nilijiona mjanja kuliko yeye.)

Alhamisi mchana akaja bwana mmoja wa koti na tai, Biblia kwapani, akasema anaitwa Paulo na ametoka Endarasha. Akaiwasha, akaizima. Kisha akasema, "Elfu sita ni sawa."

Hapo ndipo ningepaswa kupiga nduru. Mtu wa huku kwetu hununua sukuma wiki ya shilingi tano akilia apunguziwe, sembuse televisheni. Lakini mimi nikafikiri, ni heshima yangu imemfanya asibishane.

"Lakini ndugu," akasema, "tusifanye biashara kama watu wasiomjua Mungu. Tuombe kwanza."

Tukafunga macho. Bwana Paulo aliomba, jamani. Aliombea televisheni, akaombea nyumba yangu, akaombea ng'ombe wangu (sikuwa na ng'ombe), na nilipomwambia katikati ya maombi kwamba naenda kuoa, akarudi nyuma akaanza upya na hilo. Tuliposema amina nilikuwa karibu kulia. Akatoa bahasha, ndani noti kumi na mbili za mia tano, mpya kabisa, zimenyooka kama zimepigwa pasi. "Hesabu, ndugu yangu."

Nikahesabu. Zilikuwa kumi na mbili. Dirisha lilikuwa hapo mkono wa kushoto, jua linawaka, na najua watu huinua noti wakaiangalia kwa mwanga, lakini niambieni ukweli, mtu akishakuombea mpaka ng'ombe usiokuwa nao, utaanzaje kumulika pesa zake dirishani? Niliona haya. Nikaziweka mfukoni, nikamsaidia kubeba televisheni mpaka kwa mkokoteni, nikamfungia na kamba, nikampa na eria, ule waya wa kunasa picha, bure. Na nilimpungia mkono.

Jumamosi tukaenda, mimi, baba yangu na wazee wetu saba. Kuingia sebuleni kwa kina Wangari, nani ameketi katikati, amepewa kazi ya kusema kwa niaba yao? Mzee Gathogo. Aliniangalia vile vile alivyoniangalia siku ya mtungi.

Mambo yakaenda vizuri. Kwanza Wangari akaitwa kutoka jikoni, akaulizwa mbele ya wote, kama desturi ilivyo, "Hawa watu unawajua? Muratina yao tunywe?" Akasema, "Kunyweni." Wakanywa. Wakanywa sana, ile pombe ya asali tuliyoleta kwa kibuyu. Kisha baba yangu akatoa bahasha. Nilikuwa nimepanga zile noti mpya juu na zile kuukuu zangu chini, zijifiche, kwa sababu nilikuwa naona haya na harufu ya maziwa.

Mzee Gathogo alihesabu kama wazee wote wanavyohesabu, analamba kidole gumba, anavuta noti, analamba, anavuta. Alipofika ya sita mzee aliyekuwa karibu naye akamwambia, "Gathogo, kwani umekula nini?"

"Sijakula kitu."

"Toa ulimi."

Akautoa. Haki ya Mungu, ulimi ulikuwa kijani. Kidole gumba kijani. Akakiangalia, akalowesha noti nyingine na mate, akaisugua taratibu, na ile picha ya rais kwa noti ikaanza kutoka, pua kwanza.

Nilitamani ardhi ipasuke. Na mjue kitu kimoja, kwenye ruracio bwana harusi haongei. Wewe unakaa tu kama gunia, wazee ndio wanasema. Kwa hivyo hata kujitetea singeweza, ilibidi nimnong'onezee baba yangu, naye aseme.

"Mzee," Gathogo akamwambia baba yangu, "uliza kijana hii pesa alitoa wapi."

Nilikuwa futi nne kutoka kwake. Baba akanigeukia, jasho linamtoka, nikamnong'onezea.

"Anasema aliuza televisheni."

"Muulize aliuzia nani."

"Anasema hamjui. Anasema ni mtu alisoma tangazo."

"Mtu hamjui. Na hakuangalia pesa?"

Nikanong'ona. Baba akainamisha sikio nirudie, nikarudia. "Anasema walikuwa wameomba."

Hakuna aliyecheka, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Wangecheka ningejua nimepona. Wazee wetu walikuwa wanaangalia viatu vyao. Mimi nilikuwa nafikiria yule mwenye duka la dawa za ng'ombe, na noti zake zisizotoa rangi.

Mzee Gathogo akaagiza maziwa, akasukutua, akatema nje ya mlango, akarudi akaketi. (Kijani hakikutoka.) "Sasa muulize hii," akasema. "Huko kwa kituo, mtu akileta maziwa iko na maji, huwa wanafanya aje?"

Baba akanigeukia. Nikanong'ona.

"Anasema huwa wanarudisha."

"Mbele ya watu?"

Nikanong'ona.

"Anasema ndiyo, mbele ya watu."

Mzee Gathogo akakusanya noti zote, za kijani na zile zangu za maziwa, akazirudisha kwa bahasha, akasimama na urefu wake wote, na kwa mara ya kwanza akaongea na mimi mwenyewe, moja kwa moja. "Rudi nayo."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, ati kwa binadamu mchungu. Nilikuwa nimeyasema hayo maneno mawili miaka mitatu, kila asubuhi, na sikuwa nimejua yana uzito gani. Nikasimama. Nilijua nikishatoka kwa huo mlango Wangari si wangu tena, na nilimpenda, nawaambia wazi, nilimpenda hata zaidi ya televisheni.

Mama Wangari ndiye aliyesema ngojeni. Akasema mtoto ndiye aliulizwa mwanzo, na aulizwe tena. Wangari akatoka jikoni na mwiko mkononi, inaonekana walikuwa wamesikia kila kitu kupitia ukuta wa mbao.

"Wangari," Mzee Gathogo akasema, "hawa watu bado unawajua?"

Wangari akanigeukia. Aliniuliza mimi, "Uliuza televisheni?"

Nikasahau desturi. "Niliuza."

"Ile ulinyima ndugu yako?"

"Hiyo."

Akaangalia mwiko, akaangalia kibuyu kilichokuwa katikati ya chumba, kimelala chali, hakina hata tone. "Nilisema mnywe, mkakunywa, mkamaliza. Sasa mnaniuliza nini tena?" Akarudi jikoni, chakula kilikuwa kinaungua.

Unajua muratina ikishanyweka kwa ruhusa ya msichana, hiyo haiwezi kurudishwa kwa bahasha. Wazee wakatoka nje wakajadiliana, wakarudi na hukumu: nipewe miezi minne, nilete mbuzi badala ya pesa, mbuzi wa kutembea kwa miguu yao, na juu yake kondoo mnono mmoja, faini ya ulimi wa Mzee Gathogo. Zile noti za Paulo zikachomwa jikoni chini ya sufuria. Mimi nikaenda Endarasha mara mbili kumtafuta. Kila niliyemuuliza aliniambia bwana wa tai na Biblia wako wengi, kwani huyo wangu alikuwa na alama gani. Alama niliyokumbuka ni kwamba alikuwa anaomba vizuri.

Miezi minne nilikula ugali na chumvi. Kituoni wakulima walikuwa wakifika mbele ya laini, kabla sijachota maziwa yao, wanalamba kidole gumba na kuniangalia. Shemasi alifanya hivyo. Mwalimu wangu wa darasa la tatu alifanya hivyo. Nikajifunza kumwita mtu kando na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba maziwa yake leo hayako sawa.

Tuliporudi na mbuzi, Mzee Gathogo alikuwa anatungoja kwa lango. Hakusalimia. Alimwendea mbuzi wa kwanza, mweupe, akalamba kidole gumba, akamsugua mgongoni mara tatu, kwa nguvu, akainua kidole juu kwa jua akakiangalia mbele na nyuma, pole pole, na mimi nimeacha kupumua ingawa huyo mbuzi nilimnunua kwa mama yangu mzazi.

"Hii haitoi rangi," akasema. "Ingieni."

Wakacheka mpaka kuku wakakimbia, na hapo ndipo nilipojua nimepona. Tangu siku hiyo sijawahi kuchukua noti ya mtu nisiyemjua kabla sijailowesha na kuisugua mbele yake, hata awe anatoka madhabahuni, na akinikasirikia namwambia akasirike tu. Na mtu akitaka tuombe kwanza, naomba, lakini Wangari hukaa kando yangu macho wazi.