Bomba la Mama Povu

Kwa miaka kumi na tisa Mama Povu alifua nguo za mtaa mzima, na hakuwahi kumsimulia mtu alichokiona kwenye kola za waheshimiwa. Chumba chake cha udobi kilikuwa kimoja, kirefu, chenye mabeseni manne na meza ya kupigia pasi. Kila nguo aliitia uzi kwenye upindo, kila nyumba na rangi yake, na hakuna aliyewahi kurudishiwa suruali ya jirani. Uani kulikuwa na kisima chenye pampu. Alikichimbisha marehemu mumewe kwa ruhusa ya mwenye nyumba, ambaye alitoa ruhusa na hakutoa kingine.

Siku moja akaitwa kwenye semina ya wafanyabiashara wadogo. Mkufunzi, bwana mwenye tai nyekundu, akawaeleza kuwa biashara inayoihudumia jamii hupendwa, na inayopendwa hukua. Akachora mshale unaopanda. Mama Povu alikuwa na heshima kubwa kwa kitu chochote kilichochorwa ubaoni.

"Nitatoboa ukuta," alimwambia wifi yake, aliyekuwa akipiga pasi. "Natoa bomba nje, watu wachote bure."

"Wifi, jua limekupiga."

"Watatupenda."

"Si wanatupenda tayari? Mapenzi yao ndiyo haya, marundo matatu, na mgongo wangu mmoja."

Bomba likatoka. Mtaa ulikuwa umezoea kununua maji kwa ndoo, tena siku yakipatikana, kwa hiyo ulifurahi kupita kiasi. Mama Povu akaombewa dua na watu wa dini zote. Akachaguliwa mwenyekiti wa kamati ya usafi, cheo kilichokuja na fagio.

Mwezi wa pili marundo yakawa mawili. Wa tatu, moja, nalo la mapazia. Mama Povu akasema ni msimu tu.

"Hivi wifi," aliuliza yule wa pasi, "watu walikuwa wanatuletea nguo kwa nini?"

"Kwa sababu tunafua vizuri."

"Kwa sababu hawakuwa na maji."

Mama Povu alitoka, akatembea mtaa mzima kama mtu anayetafuta kuku wake. Kila ua ulikuwa na kamba, na kila kamba ilikuwa na nguo anazozijua. Shati la mwalimu. Sare za nesi. Nyingine bado zilikuwa na nyuzi zake kwenye upindo. Zilikuwa zimefuliwa vibaya, kwapa zina ukoko wa sabuni, na wenyewe walikuwa wamekaa chini yake wakizungumza, hawana habari.

Kesho yake alfajiri alikwenda bombani na kufuli. Alikuta ndoo kumi na mbili kwenye foleni.

"Shikamoo, mwenyekiti," alisema mke wa mwalimu. "Jana tu tulikuwa tunakutaja. Watu wenye roho kama yako wamekwisha."

"Marahaba, mwanangu," alisema Mama Povu. "Mtoto kikohozi kimepungua?" Na kufuli likabaki mfukoni.

Mwisho wa mwezi huo alikuja mwenye nyumba, akakataa kiti, jambo ambalo halikuwa dalili nzuri.

"Mama, umeupandisha hadhi mtaa huu. Kuna bwana wa mgahawa anakitaka chumba hiki. Anasema penye maji na foleni ya watu, hapo ndipo pa kuuzia chai. Anatoa kodi mara mbili."

"Na mimi, mzee?"

"Wewe ni mtu wetu. Ukiweza kutoa kama yeye, baki. Usipoweza, bomba hatuligusi, kwa heshima yako."

Mama Povu akatazama lile rundo la mapazia. Hata mtoto angeona kuwa halitoshi.

"Nipe hadi Ijumaa," alisema.

Wifi alipata kazi kwa yule bwana wa mgahawa, ya kuosha vyombo. Alhamisi Mama Povu akakunja mapazia na mashati machache yaliyosalia, akayapeleka mwenyewe nyumba kwa nyumba, kazi ambayo hakuwahi kuifanya. Kila mlango ulimkaribisha. Walimpa kiti kizuri, walimpa chai, walimsifia bomba mpaka akachoka kuitikia. Hakuna aliyemuuliza atafulia wapi kuanzia Jumamosi, na yeye, kwa adabu, hakuwakumbusha.