Uyoga wa Popo

Enzi zetu, sisi tuliokulia mtaa wa Sanyuanli huko Uchina, wazazi wakihangaika na biashara ya viatu vya soko la Zhanxi, mtoto alilala palipobaki nafasi. Mimi nililala katikati ya maboksi ya viatu, chumba kizima kikinuka gundi. Kila nikiamka nilikohoa mpaka chai ikamwagika.

Baba akachoka. "Mama Rukia, kikohozi hiki kisipokoma, mtoto anarudi Tanga kwa bibi yake."

Nililia. Tanga nilikuwa naijua kwa picha tu.

Jirani yetu, ajuza wa Kichina, akanisikia. Watoto wote wa ghorofa ile tulimwita Popo, yaani bibi kwa lugha yao. Mama alipata tabu sana kuzoea mwanawe kumwamkia mtu mzima kwa jina la popo. Basi Popo akaja na uyoga mkavu, mwekundu, mgumu kama kisigino. Akajigonga kifua, akavuta pumzi ndefu, akatabasamu. Maelezo yakaishia hapo. Wenyewe huuita lingzhi, na huamini kwamba hutuliza kifua, huleta usingizi na kurefusha umri. Umri wa Popo ulikuwa mrefu kweli, hilo hatukuweza kulipinga.

Mama akataka kujua kama kuna nguruwe ndani. "Meiyou," akajibiwa, hakuna. Lakini neno hilo mama alilizoea madukani, ambako huambiwa hakuna na mzigo unauona kwa macho. Akachukua sufuria yake mwenyewe, akasimama jikoni kwa Popo mpaka uyoga ukachemka na kunazi za Kichina.

Ladha yake, ni kama kuramba dawati la shule. Kila jioni Popo alikuja kukaa mbele yangu mpaka nimalize bakuli. Mama aliona haya mgeni kukosa pa kukaa kwa ajili ya maboksi, kwa hiyo akayatoa maboksi yote, yakapelekwa kwa wakala wa mizigo.

Kikohozi kikakoma. Popo alisema ni uyoga, mama akasema ni dua, baba akasema hali ya hewa imebadilika. Maboksi hayakutajwa na mtu. Tanga sikupelekwa.

Siku hizi vijana wananunua lingzhi ya vidonge kwenye simu, eti inatibu kila kitu, hata uvivu. Wanameza kwa soda, wanaendelea kuchati. Uchungu umetolewa kiwandani. Na yule mtu wa kukaa mbele yako mpaka umalize, naye ametolewa.