Shangazi Aliniuliza Homa Gani

Usiku ule jua halikuzama, na wala sisemi kwa mafumbo. Ulikuwa mwezi wa sita, kaskazini kabisa mwa Finland, nilikokwenda kwa muhula mmoja kusomea misitu kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Kule mwezi wa sita, saa sita za usiku, jua liko juu ya miti linakutazama tu, na watu wanashusha mapazia mazito wajidanganye wapate kulala. Mie nilikuwa siku ya nne kitandani. Pazia langu lilikuwa na upenyo pembeni, na mwanga uliopita pale ndio ulionichanganya nisijue kama nimelala au niko macho.

Nikwambie mapema ili usihangaike: ilikuwa malaria. Nilipanda nayo ndege Dar es Salaam bila kujijua. Ikatulia mwilini wiki mbili, ya tatu ikaanza kazi yake. Dawa yake ipo, tena hata huko Finland ipo, ila hakuna mtu hata mmoja kule aliyejua kwamba naihitaji. Na malaria ile haina subira na mtu. Siku moja zaidi, daktari aliniambia baadaye, na leo ungesimuliwa habari zangu na mtu mwingine.

Kosa lilikuwa langu, tena kosa la kujidai. Kiingereza nakijua, tangu shule ya msingi nasifiwa kwacho, na sifa hizo nilizipenda sana. Asubuhi ya pili ya ugonjwa nikapiga simu ya ushauri wa afya. Akapokea muuguzi, mama mwenye sauti ya pole, akaniuliza nasumbuliwa na nini. Sasa kwetu Muheza ukisema una homa, watu wanaelewa malaria, umeshamaliza kila kitu. Mtu anakutazama, anakupa pole, anakuuliza umepima? Basi nami nikalichukua lile neno letu, nikaligeuza Kiingereza safi kabisa, nikamkabidhi. Yeye akapokea kile kilichosemwa, kwamba mwili una joto. Akaniuliza kama nimesafiri siku za karibuni. Nikamjibu hapana, na kwa akili yangu sikusema uongo. Safari yangu ilikuwa imekwisha wiki tatu nyuma, nguo nimeshazipanga kabatini, na tangu nifike sikuwa nimekwenda mbali zaidi ya msitu wa jirani tunakosomea.

Akaniambia ni mafua, ninywe maji mengi, nipumzike, nimeze vidonge vya kushusha joto. Nikamshukuru, nikakata simu nimeridhika. Nilijua nimeshamwambia nina malaria. Nikafikiri kumbe ndivyo wenzetu wanavyoitibu, kwa maji na kulala, wazungu wana mambo yao. Ujinga mtupu, lakini ndio niliolala nao.

Nyumbani sikusema neno. Mama ana presha, ningemwambia naumwa huko mbali angeanguka yeye kabla yangu. Nikamwandikia ujumbe kwamba niko salama, masomo yamebana.

Tulikuwa tunaishi wawili kwenye ile nyumba ya wanafunzi, mimi na Elina, binti wa huko huko, kila mtu na chumba chake. Elina ni mtu mwema lakini ana malezi ya kwao. Kwetu ukiumwa chumba kinajaa majirani mpaka unatamani upone ili waondoke. Kwao kumwacha mgonjwa atulie ndiyo heshima. Anagonga mlango mara mbili, anaweka jagi la maji kwenye kijistuli, anaondoka. Siku ile ya nne ndipo aliponisikia naongea peke yangu lugha asiyoijua, akaingia bila kugonga, akakaa pembeni ya kitanda. Hayo alinisimulia yeye. Mie nilikuwa nimeshaondoka.

Niliondoka hivi. Ule mwanga wa kwenye upenyo wa pazia ulipanuka taratibu, ukawa dirisha, na dirisha lenyewe nalijua. Ni dirisha la maabara ya zahanati yetu, lile lenye wavu uliotoboka na kuzibwa kwa plasta ya vidonda. Chini yake kuna meza, juu ya meza kuna hadubini, na nyuma ya hadubini ameinama Shangazi Zuhura.

Shangazi Zuhura ni dada yake baba. Alikuwa mpima damu pale zahanati tangu sijazaliwa, na mimi nilipewa jina lake, kwa hiyo hatukuitana shangazi wala mwanangu, tuliitana somo. Mkali wa mdomo, mwepesi wa mikono. Alikuwa akikutoboa kidole huku anakusema, mpaka umalize kukasirika damu imeshatoka. Likizo zote za shule ya msingi nilizimalizia kwenye kigoda pembeni yake. Alikufa miaka miwili kabla sijaenda Finland, na kwenye mazishi yake sikuwepo kwa sababu ya mtihani. Jambo lile lilikaa kifuani kwangu na sikumwambia mtu.

Kwetu tunaambiwa maiti akikuita ndotoni usiitike. Mie nashuhudia kwamba hakuniita. Hata kichwa hakuinua. Niliyeita ni mimi.

Kwenye benchi wamekaa watu, wametulia, kila mmoja ameshika cheti chake. Wanaitwa mmoja mmoja kwa ishara ya kidole. Anayeitwa anasimama, anampa shangazi cheti, anaingia mlango wa ndani. Sikumbuki zahanati yetu kuwa na mlango pale. Kila unapofunguka inatoka baridi nzuri, baridi ya mtungini, na mimi naungua, midomo imekauka inapasuka. Sikutaka kingine duniani zaidi ya kuingia mle. Nikamsogelea.

"Somo, nina homa."

"Homa gani?" akauliza, jicho liko kwenye hadubini.

Nikakasirika. Homa gani tena? Mtu niliyekulia kwenye kigoda chake ananiuliza swali la mtu wa kuja. Nikataka kumjibu jibu la kumkomesha, lakini ulimi umekuwa mzito umejaa mdomo, na nikitazama hatuko tena maabara.

Tuko msituni, msitu ule ule wa Finland tunakokwenda kupima miti kila Jumatano. Shangazi yuko mbele yangu na kandambili zake za bluu na koti lake jeupe la kazi, anakanyaga ukoka wa kule wenye maji bila kuteleza. Mbu wametuzonga. Mbu wa kule hawana adabu, wanakuja kundi zima mchana kweupe. Shangazi anampiga mmoja kiganjani, anamchunguza kwa karibu kama alivyokuwa akichunguza kila kitu, anampuliza.

"Hawa hawana kitu," anasema. "Wana fujo tu. Wako umekuja naye."

Nataka kumuuliza nimekuja na nani. Nakimbia nimfikie, miguu inazama. Nasikia mtu ananisifia Kiingereza changu, na kumbe nimesimama darasani, shule yetu ya msingi, chaki mkononi. Ubaoni nimeandika neno homa kwa Kiingereza, kwa mwandiko wa kupinda vizuri, na darasa zima linapiga makofi. Shangazi amebanwa kwenye dawati dogo la mbele, magoti yamefika kidevuni. Yeye hapigi makofi. Ananyoosha kidole juu kama mwanafunzi.

"Homa gani?"

Makofi yanakatika. Naona haya, haya ya kweli, masikio yanawaka. Nafuta ubao kwa mkono, neno halifutiki.

Nikageuka, nikawa nimerudi kwenye benchi. Sasa benchi lote ni tupu. Wote wameshapita, nimebaki mimi, na mlango wa ndani uko wazi kabisa, ile baridi inanijia usoni. Nikasema moyoni, sasa ni zamu yangu, sina haja ya kuulizwa. Nikanyanyuka. Nilikuwa mwepesi, maumivu ya kichwa yameisha, viungo havigongi tena. Nilifurahi, nakwambia ukweli. Sikuogopa hata kidogo, na hicho ndicho kinachonitisha leo nikikumbuka.

Shangazi akanyoosha mguu, akauweka kwenye kizingiti.

Nikamwambia anipishe. Nikambembeleza. Nikaanza kulia kama nilivyokuwa nikilia nikiwa mdogo kwa kunyimwa kushika vioo vyake vya kupimia damu, na katika kulia yakanitoka yasiyohusiana na mlango. Nikamwambia nimemkumbuka. Nikamwambia nilikaa kwenye chumba cha mtihani saa ile wanamzika, nikaandika kurasa nane, na hata moja sikumbuki niliandika nini. Nikamwomba anisamehe.

Akaacha kazi yake. Ndipo kwa mara ya kwanza akanitazama, na uso wake ulikuwa ule ule, na lile doa dogo la dawa ya rangi ya zambarau kwenye shavu ambalo halikuwa likimtoka hata siku za harusi.

"Nilishakusamehe kabla hujamaliza ukurasa wa kwanza," akasema. "Mguu siutoi. Weye hujapimwa."

Akanishika mkono. Mkono wake una joto, na mimi nilidhani wafu ni baridi. Akanifuta kidole cha pete kwa pamba, akakitoboa bila kuniaga, kama kawaida yake. Nilisikia maumivu yale mpaka begani. Akakamua tone, akalipaka kwenye kioo, akalitia rangi, akanipisha kwenye kiti chake.

Alipokuwa hai hakuwahi kunikalisha kwenye kile kiti. Nilikuwa nachungulia nimesimama, yeye ameshika kola yangu nisiguse kitu.

Naweka jicho. Kwanza naona ukungu. Nazungusha kile kigurudumu taratibu kama nilivyokuwa nikimwona akifanya, na damu yangu inatokea, duara kwa duara, na ndani ya maduara kuna vipete. Vipete vidogo vya zambarau, kila kimoja na kito chake. Vingi. Nahesabu na kupotea, nahesabu tena. Nikiwa na miaka tisa nilikuwa navijua kuliko herufi za Kiingereza.

"Unaona nini?"

"Vipete."

"Vipete vya nini?"

Ninajua. Nimejua siku zote, tangu ile asubuhi ya pili nilijua, nililolitia kwenye simu ni jina la nje na jina la ndani nikabaki nalo. Nafungua mdomo. Jina liko kooni halipandi. Mlango wa ndani unasukumwa na upepo, ile baridi inanipapasa mgongoni, na nahisi nikinyamaza kidogo tu nitalala hapa hapa mezani na itakuwa raha.

Shangazi akainama sikioni kwangu. Alikuwa ananukia spiriti na karafuu, harufu yake ya kila siku.

"Sema kwa nguvu, somo. Humu nasikia mie peke yangu, na mie siwezi kukutibu."

Nikavuta pumzi. Ilikuwa nzito kuivuta, nikaivuta hivyo hivyo.

"Malaria," nikasema.

"Usiniambie mie."

"Malaria."

"Waambie wao."

Nikaanza kuita. Naita dirishani, naita kwenye benchi tupu, naita kule msituni kwenye miti mirefu isiyonijua, na kila nikiita shangazi anapungua, koti linakuwa pazia, doa la shavuni linakuwa upenyo wa mwanga, na kichwa kinaanza kunigonga upya, na viungo, na kiu. Maumivu yote yamerudi. Nikayafurahia, nikashika shuka kwa mikono miwili, nikaita tena kwa sauti iliyonitisha mwenyewe.

Nikafumbua macho. Jua lile lile liko dirishani. Elina amekaa pembeni ya kitanda, ameshika kitambaa kinachodondosha maji kwenye magoti yake na wala hajali. Tangu aingie alikuwa amesikia Kiswahili changu chote, ubishi wangu na shangazi, kilio changu, habari za mtihani na mazishi, na hakuambulia kitu. Sasa alikuwa ameganda, ananitazama mdomoni.

"Malaria?" akauliza, kwa lafudhi yao, anaivuta ile silabi ya kwanza.

Nilikuwa sina tena Kiingereza, hata cha kuombea maji. Sikukihitaji. Nikaitikia kwa kichwa, nikalirudia, naye akalirudia, tukawa tunaambiana neno moja. Kabla sijalisema mara ya tatu alikuwa ameshasimama, simu iko sikioni, na mkono wake wa pili unanivalisha soksi.