Wimbo wa Mama kwa Sauti Nne

Chaki iliyolowa ina harufu yake, na darasa letu la Butembo lilinuka hivyo miezi yote ya mvua, pamoja na moshi wa mikaratusi uliotoka majikoni mwa majirani na kuganda kwenye masweta yetu. Nilikuwa na miaka kumi. Baba alikuwa karani wa serikali kutoka Equateur, kaskazini-magharibi mwa Kongo, na serikali ilikuwa imemhamisha kutoka Beni, ambako tulimzika mama. Tulifika Butembo na magodoro mawili, redio, na mimi nisiyejua neno la Kinande, lugha ya wenyeji. Wenzangu waliniita Mungala, jina walilompa yeyote aliyetoka kule. Sisi ni Wamongo, lakini mtu hawezi kuanza kueleza makabila ya Equateur wakati wa mapumziko huku anatafuta wa kucheza naye. Nilikula muhogo wangu kando ya ukuta, nikijifanya naupenda ukuta ule.

Mwalimu Paluku, aliyetufundisha muziki, alikuwa mwanakwaya wa Kiprotestanti, na aliamini kwamba watu hugombana kwa sababu hawajui nyimbo za wenzao. Mwaka ule alitaka kila mtoto alete wimbo wa kwao, darasa lijifunze, kisha tuimbe nyimbo hizo mbele ya wazazi siku ya matokeo. Kutoka Equateur nilikuwa mimi tu, na nilikuwa na wimbo mmoja, ule ambao mama aliuimba kwa Kimongo akitwanga majani ya muhogo. Hatukuwa na picha yake hata moja. Kilichobaki kwangu ni wimbo ule, nao ulikuwa na mahali katikati ambapo sauti ilishuka polepole, kama mtu anayeketi akiwa amechoka. Mwalimu alinisikiliza mara tatu, akiandika do, re, mi ubaoni na kufuta.

“Hapa unaanguka, mutoto yangu,” akasema kwa upole, akichanganya na Kifaransa kama kawaida yake. “Iko kati ya fa na mi. Pale hakuna kitu. Donc, tutaweka mi.”

“Mama alikuwa anaimba vile, mwalimu.”

“Najua. Mais batu makumi ine habawezi kuanguka pamoja.”

Akaweka mi, akagawa sauti nne, na darasa likaimba. Nakiri kwamba ulipendeza kupita kiasi. Siku ileile nilialikwa kwenye mpira. Jina la Mungala halikuondoka, lakini sasa aliyeliita alikuwa wa timu yangu, akitaka nimpe pasi. Masika tu, niliyekaa naye dawati moja, alikuwa ameushika wimbo kwa kunisikiliza mimi kabla ya ubao, na aliendelea kushuka palepale. Wiki ya mwisho nilimgeukia mbele ya wote.

“Masika, hapana vile.”

“Lakini weye mwenyewe njo uliimba vile.”

“Nilikuwa nakosea.”

Darasa likacheka. Masika akanitazama kidogo, kisha akaimba mi kama wengine.

Siku ya matokeo baba alikuja na suti yake ya ofisini, akasimama nyuma. Wimbo wa mama ulikuwa wa mwisho, na maneno yake ya Kimongo yalikuwa yamepinda vinywani mwa watoto arobaini; tulipomaliza alipiga makofi kuliko wazazi wote. Njiani akaniuliza, “Muliimba muzuri. Ile ya mwisho ni wimbo ya wapi?”

“Ya shule, papa.”

Tukaendelea kutembea.

Leo nafundisha chuo kikuu hapahapa Butembo, na nimeandika kurasa nyingi kuhusu utamaduni, kwa ujasiri wa mtu ambaye hakuna aliyemuuliza. Binti yangu hunirekodi kwa simu hata nikipiga chafya. Mwalimu Paluku alipata alichokitaka: kule mtaa wa Kimemi kuna wauza saruji niliosoma nao ambao hawajawahi kufika Equateur, lakini wanaujua wimbo ule neno kwa neno, na wakiniona wanauanzisha kwa utani. Huwa nawaitikia kwa sauti ya pili. Nikibaki peke yangu najaribu kushuka pale katikati. Naanza vizuri, nafika kwenye fa, nalegeza koo, nasubiri. Kila mara inatoka mi, safi kabisa, na watu arobaini nyuma yake.