Miti Kumi na Mmoja ya Agripina

Tangu alfajiri Agripina alikuwa hatulii. Alifagia uwanja mara mbili, akasahau chai jikoni mpaka ikakauka, akamgombeza kuku ambaye hakumkosea lolote. Siku hiyo ilimpasa kumpeleka msituni Witness, mke mpya wa mwanawe, akamwonyeshe mlenda wa kivulini, mboga iotayo chini ya miti. Katika ukoo ule, pale jirani na Kintinku, mama mkwe ndiye humkabidhi mkamwana mahali pa kuchuma. Yeye mwenyewe alionyeshwa na mkwewe, bibi Eliza, miaka thelathini iliyopita.

Tatizo ni kwamba mlenda haukuwepo tena, na aliyeuondoa ni yeye.

Miaka miwili nyuma aliingia kwenye kamati ya msitu ya kijiji, kichwa kikamvimba kidogo. Yeye ndiye aliyeichagua miti ya mninga ya kukatwa mbao, kumi na mmoja tu, yote ya sehemu moja, ili magogo yasiburutwe msitu mzima. Wajumbe wakampigia makofi. Kazi ikawa kuhesabu miti. Chini ya miti nani alitazama? Jua likaingia, nyasi zikapanda mpaka kiunoni, zikausonga mlenda.

“Ni wapi, mama?” Witness aliuliza walipofika.

“Hapa.” Agripina alizungusha mkono. “Palikuwa hapa.”

Witness alipiga magoti, akapekua nyasi. Kwenye kivuli cha mninga mmoja uliopinda, ambao wapasua mbao waliukataa, akapata miche mitatu. Alinyoosha mkono achume.

“Iache!” Agripina alifoka, mpaka akajishtukia.

Nyumbani bibi Eliza, ambaye macho yake yalishazimika, alikuwa ameagiza chungu kibandikwe mapema. Alikipokea kikapu walichorudi nacho, akakipapasa mpaka chini.

“Mbona kitupu?”

Agripina hakuweza tena kuzungukazunguka. “Mama, miti ile niliichagua mimi. Nilidhani nauokoa msitu, kumbe nimeufukuza mlenda.”

Vidole vya bibi vilikuwa bado vimo kikapuni.

“Imebaki miche mingapi?”

“Mitatu, mama.”

“Isiguswe, ienee kwanza. Huyu binti ataula akishakuwa bibi.” Akamrudishia Agripina kikapu. “Mimi nilishashiba zamani. Wewe ndiye hutauonja tena.”

Agripina akaenda jikoni kuepua chungu. Maji yalikuwa yameanza kuchemka.